Mwalimu Aliyefunga Kilio

Neno lake lilikuwa "mbele ya yote." Alilisema huku ameinua kidole kilichowahi kuvunjika na kuungwa vibaya, kikabaki kimepinda kama ndoana, kiasi kwamba alipokuonyesha wewe, kidole kilikuwa kinamwonyesha mtu aliyekaa pembeni yako. Ukimwendea na shida, kabla hujafika katikati ya maneno yako, kidole kilikuwa tayari kiko juu. Mbele ya yote, nani amekutuma? Mbele ya yote, umeshaongea na baba yako? Wanawake wa mtaa walimwiga kwenye chemchemi. Mmoja akiomba atangulie kuteka, mwenzake aliinua kidole kilichopinda na kuuliza, "Mbele ya yote, mama, hii ndoo iko ya nani?" Wote walicheka hadi maji yakawamwagikia miguuni.

Alifundisha siviki na historia katika shule yetu ya sekondari hapa Bunia, miaka ile nchi iliitwa Zaire na walimu walivaa abakosti, yale makoti yasiyo na tai, zilizofungwa mpaka shingoni hata jua likiwa kali namna gani. Nilikuwa mwanafunzi wake, na baadaye nikawa jirani yake katika mtaa wa Nyakasanza kwa miaka mingi. Nadhani nilimjua kuliko wengi. Sitasema nilimsaidia.

Mwaka mmoja vijana wa Bambu walikuja kucheza mpira na shule yetu. Walifika juu ya lori la mgodi wakiimba, na sisi tulikuwa na timu nzuri sana mwaka ule. Kabla ya filimbi, Mwalimu aliingia uwanjani na abakosti yake, kidole juu. "Mbele ya yote, huyu mwamuzi amekula kwa nani leo?" Ikajulikana kwamba mwamuzi alikuwa amekula kwa shemeji yake, na shemeji yake alikuwa mtu wa Bambu. Wakubwa wakaanza kubishana katikati ya uwanja. Walibishana hadi mvua ikaja, na mvua ya Bunia ikija haina mchezo. Vijana wa Bambu walipanda lori lao wakitupigia kelele: "Munaogopa mupira! Mwalimu yenu anacheza na mudomo!"

Sisi tulilowa pale, viatu mkononi, tukiwa na hasira. Mwalimu alikuwa anatabasamu.

"Hatukushindwa," akasema.

"Hatukucheza, Mwalimu," nahodha wetu akamjibu.

"Ndiyo. Na hatukushindwa."

Alikuwa amesoma sheria huko Kinshasa kwa muda bila kumaliza. Sababu hakuisema, na mtu hakumuuliza. Alirudi na kitabu kinene kisicho na jalada, kinachoeleza namna nchi moja inavyoishitaki nchi nyingine mbele ya korti ya mataifa kule La Haye, Ulaya. Kitabu hicho alikipenda kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Kila mwaka baada ya Pasaka alisogeza meza, akaweka kiti chake juu ya jukwaa la ubao, na darasa letu likawa korti. Darasa la tano A lilikuwa nchi moja, la tano B nchi nyingine, na yeye jaji. Ugomvi ulikuwa wa mbuzi: mbuzi wa nchi A wamevuka mtaro ulio kati ya madarasa mawili na kula mihogo ya nchi B. Tulijitayarisha kwa majuma. Tulikuwa na mashahidi, tulikuwa na ramani ya mtaro, na kijana mmoja alikubali kuwa mbuzi, akashonewa masikio ya gunia.

Siku ya kesi, Mwalimu aliuliza jambo moja tu: ni wapi nchi A ilikubali kuhukumiwa na korti hii?

Hatukuwa tumefikiria hilo. Darasani alisema Kifaransa, lakini moto ukipanda alirudi kwenye Kiswahili chetu, na siku hizo ndizo tulizopenda.

"Mwalimu," akauliza kijana mmoja mnene aliyetoka Aveba, "mwizi naye wanamuuliza kwanza kama anakubali kushitakiwa?"

"Mwizi ni mutu. Hii ni inchi. Inchi haiko na mukubwa. Hakuna polisi wa kuikamata na shati."

"Sasa ikikataa?"

"Ikikataa, kesi inakufa kwa mulango."

"Na mihogo yangu?"

"Mihogo yako ilishakuliwa," Mwalimu akasema, na darasa lote likaangua kicheko. Kijana wa masikio ya gunia alirudi nyumbani bila kulia hata "mee" moja.

Kisha alichora nyumba ubaoni. Ilikuwa na milango iliyofuatana, mmoja nyuma ya mwingine, na mwisho kabisa chumba kidogo. Mlango wa kwanza ulikuwa ni kukubali: nchi haihukumiwi kama haikukubali. Wa pili ulikuwa ni uraia: nchi inamsemea mtu wake tu, basi lazima ionekane kweli ni wake. Wa tatu: huyo mtu awe ameshapiga hodi kwenye korti zote za nchi iliyomkosea, na zikamnyima haki. Wa nne: ugomvi uwe bado hai, kuwe na kitu ambacho jaji anaweza kukiamua. Kwenye kila mlango anasimama wakili wa upande wa pili na pingamizi lake mkononi. Kile chumba kidogo ndicho kiini cha kesi, mahali ambapo watu wanauliza hatimaye nani alimfanya nani nini. Miaka yote aliyofundisha, sikusikia darasa hata moja lililoingia katika chumba hicho.

Na mtu huyohuyo wa milango alituingiza sisi kwa dirisha. Wanafunzi waliokuwa hawajalipa karo walifukuzwa, na mkuu wa shule alisimama mwenyewe getini asubuhi. Lakini dirisha la nyuma la darasa lile halikuwa na kioo. Saa ya siviki ilipofika, Mwalimu alitugeuzia mgongo akaanza kuandika ubaoni, sentensi ndefu, akikaza chaki ipige kelele. Nyuma yake watu walikuwa wanapanda, wanaangusha viatu, wanavutana mashati. Aliandika hadi kimya kikarudi. Ndipo alipogeuka, akapangusa mikono. "Naona mumeongezeka," alisema, na somo likaendelea. Mimi mwenyewe niliingia kwa dirisha lile karibu mwaka mzima. Sijui jinsi ya kuunganisha mtu yule na yule wa mpira. Nimejaribu.

Mwalimu na mke wake walikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume. Tulikaa benchi moja. Yeye aliacha shule darasa la nne la sekondari, akaniambia amechoka na milango ya baba yake, nyumbani milango na shuleni milango. Akaanza kazi ya samaki: kushuka Kasenyi, ziwani, kununua samaki wa chumvi, mara nyingine kuvuka ziwa na wenzake kwenda kuuza ng'ambo, katika nchi ya pili. Miaka ile ng'ambo palikuwa pabaya. Walivuka hivyohivyo. Siku moja wenzake walirudi bila yeye. Walisema askari wa huko walimtoa sokoni, wakampandisha gari pamoja na watu wengine, gari likaondoka. Baadaye mmoja wao alisema amesikia kwamba wote wa gari lile walikufa. Aliyeona maiti hakupatikana.

Kwa ukoo wa mama yake, mtu akipotea hivyo na matumaini yakaisha, kuna namna ya kumlia. Mjomba analeta shina la mgomba. Wanalivisha nguo ya yule aliyepotea, wanalilaza ndani kama maiti. Kisha mama mzazi anafungua kilio: yeye wa kwanza kabisa analitaja jina la mtoto kwa sauti, na mtu mwingine yeyote hatoi sauti kabla yake. Baada ya hapo ndugu wote wanalia, wanalala nje kwenye mikeka, wanazika lile shina, wananyoa nywele, na mama anaweza tena kupika na kulala. Mjomba alikuja kutoka Aveba na shina lake juu ya lori la maharagwe. Mwalimu alimwambia angoje kidogo. Alikuwa anataka serikali yetu iipeleke nchi ya ng'ambo La Haye. Aliamini mtoto yu hai katika gereza fulani. Ombi lake lilikuwa na maneno machache: wamrudishe.

Juma hilohilo lilikuwa juma la korti yetu. Tulikuwa darasa la sita, na mwaka ule hapakuwa na mbuzi. Mwalimu aliandika ubaoni: mtu wa nchi A amekamatwa na askari wa nchi B, nchi A inaomba arudishwe. Hakuna aliyeuliza mtu huyo ni nani. Tulijua sote. Alinipa mimi kuisemea nchi B.

Ningeweza kukataa, au kusema vibaya kwa makusudi. Lakini nilikuwa kijana, nilikuwa hodari wa kusema, na nilitaka kushinda. Nilisimama.

"Mheshimiwa Jaji," nikasema, "tumesikia huko nchi A shina ya mugomba imeshafika. Mama wa huyu mutu akilia, nchi A yenyewe imesema mutu yao amekufa. Basi wanaomba nani arudishwe? Ugomvi haiko hai tena. Kesi haiko na kitu ndani."

Mwalimu alibaki kwenye kiti chake juu ya jukwaa, mkono kwenye kidevu, kama mtu aliyeona nyoka na anampima urefu.

"Ni pingamizi nzuri," akasema. "Nzuri sana. Siye hatukuiona."

Alinipa alama ya juu kuliko zote, na hukumu hakuitoa siku ile. Aliondoka kabla ya kengele. Nilipopita kwake jioni, shina la mgomba lilikuwa nje ya ua, barabarani, na mjomba ameketi juu yake na kofia mkononi. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni.

"Hapa hakuna kilio," alikuwa anasema. "Hakuna mutu amekufa hapa."

"Shemeji, dada yangu anataka kulia mutoto yake."

"Atalia siku tutashindwa."

"Munashindwa siku gani?"

"Mbele ya yote, shemeji, kesi haijaanza."

Mjomba alikaa juu ya lile shina mpaka lori la kurudi lilipopita. Shina aliliacha. Mbuzi wa jirani walilila polepole, wakalimaliza.

Mama Mwalimu, ndivyo mtaa wote ulivyomwita mke wake, alikuwa mwanamke mfupi, mnyamavu, mwenye mikono mikubwa. Hakubishana na mume wake. Alianza kwenda kwenye vilio vya watu. Akisikia mtu amekufa, awe anamjua au hamjui, alijifunga kitenge chake cheusi, akaenda akaketi kwenye mkeka na wanawake wa msiba, akalia. Alilia kuliko wenye msiba. Watu wa Nyakasanza walielewa na wakamwachia nafasi. Walisema, "Mama Mwalimu amefika, analia yake." Mwalimu naye alielewa, na hakumkataza kwenda. Alimwekea sharti moja: asilitaje jina. Jina likisikika mahali pa kilio, mtu wa ng'ambo anaweza kulichukua kama ushahidi. Basi yule mama alikuwa analia bila jina. Wanawake wengine wanaita, ee ndugu yangu fulani, ee mama yangu fulani, na yeye katikati yao anatoa sauti tupu. Nimesikia vilio vingi katika mji huu, na miaka iliyofuata ilituletea vingine vingi kupita kiasi. Sauti ile sijasikia tena.

Watu wasiseme alikuwa mume mbaya. Mke alipougua miguu, Mwalimu alimbebea maji mwenyewe kutoka chemchemini, na abakosti yake, na wanaume wa baa walimpigia miluzi. "Mwalimu, leo bibi ndiye jaji?" Akawajibu bila kutua ndoo: "Mbele ya yote, weye unaoga na maji ya nani?" Alimkanda miguu kwa mafuta ya mawese mbele ya wageni, jambo ambalo mwanaume wa umri wake hakulifanya. Nikiwakuta hivyo, yeye ameinama, mke anatazama ukuta, nilikuwa nafikiri: kitu kimoja tu ndicho anachoombwa, na hicho tu ndicho asichoweza kukitoa.

Alihangaika kweli. Alienda kwenye ofisi ya zone, wilaya yetu, wakamwambia mambo ya nchi za nje yanapita Kisangani, mkoani. Alienda Kisangani juu ya malori, kupitia Epulu, barabara ambayo ilikuwa imeanza kumezwa na matope. Kisangani wakamuuliza kama mtoto alikuwa na kitambulisho cha raia. Alikuwa nacho, lakini alikuwa nacho mfukoni siku ile aliyokamatwa. Wakamuuliza pia kama korti za ng'ambo zimeshaombwa. Hapo Mwalimu hakukasirika hata kidogo. Ulikuwa mlango wa tatu, alikuwa anaungojea. Akarudi Bunia, na ng'ambo kulipotulia kidogo, akashuka Kasenyi, akavuka ziwa.

Habari ya safari ile alinisimulia mara nyingi, na kila mara aliisimulia vilevile. Karani wa korti ya huko alikuwa mtu wa adabu. Alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza mtoto ana umri gani. Mwalimu akamwambia. "Basi ni mtu mzima," karani akasema. "Malalamiko ya mtu mzima anayaleta mwenyewe. Umlete atie sahihi."

Mara ya kwanza niliposikia nilipiga kelele. "Mwalimu! Utamuleta namna gani, na ndiye wamemuficha?"

"Alikuwa na haki," akanijibu. "Kwa sheria, yule karani alikuwa na haki." Na nikaona usoni mwake kitu ambacho nilikiona siku ile darasani. Alikuwa analistaajabia pingamizi, kama fundi anavyostaajabia bawaba iliyopachikwa vizuri na mwenzake.

Ilinichukua miaka kuelewa jambo rahisi. Kesi haikuwepo. Serikali yetu haikuwahi kuandika neno kwenda popote. La Haye hakuna mtu aliyewahi kusikia habari za mtoto wa Mwalimu, na nchi ya ng'ambo haikuwa na wakili aliyekaa mahali akingoja mama mmoja wa Nyakasanza alitaje jina kwenye mkeka. Mapingamizi yote yale, Mwalimu alijitengenezea mwenyewe, na moja nilimtengenezea mimi. Alimlinda mtoto asishindwe katika mchezo ambao hakuna aliyekuwa anaucheza.

Nilikuwa nimeshaoa, nafanya kazi ya kupima kahawa katika depo ya mfanyabiashara mmoja aliyetoka Butembo, Mama Mwalimu aliponijia. Alinikuta mlangoni mwa depo, akakataa kiti.

"Weye ulikaa na yeye benchi moja," akasema. "Na weye uko na mudomo. Umuambie baba aniachilie."

"Nitamuambia nini, mama?"

"Mutoto siombi tena. Naomba kulia."

Nilienda siku hiyohiyo. Mwalimu alinipokea vizuri, akanimiminia chai yenye sukari nyingi, namna alivyoipenda. Nilikuwa nimejitayarisha. Nilimwambia tunaweza kubadilisha ombi: tusiombe arudishwe, tuombe waseme alikufa namna gani na walimzika wapi. Hapo mama anaweza kulia bila kuharibu chochote.

Kidole kilipanda polepole. "Ombi mupya ni kesi mupya. Tutarudi kwa mulango ya kwanza." Kisha akaniegemea, macho yanang'aa. "Na ile pingamizi ya kilio, nani aliifanya? Si weye? Mutoto wa sekondari! Hata kitabu yangu haikuwa nayo. Miye naambia wanafunzi wangu kila mwaka."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anajivunia mimi. Ningeweza kumwambia pale kwamba kesi haipo, kwamba yote ni upuuzi, kwamba nilikuwa mtoto aliyetaka alama. Nilikunywa chai. Nilisifiwa, na sifa zile bado zilikuwa tamu kwangu, mtu mzima mwenye watoto. Nilirudi kwa Mama Mwalimu nikamwambia, "Amesema tungoje kidogo."

"Sawa, baba," akasema. Aliniita baba, kama wanavyowaita watoto wadogo kuwabembeleza.

Hakungoja sana. Alikufa kwa homa ya siku chache, msimu wa mvua. Kilio chake kilijaa ua wote na kikafurika barabarani, kwa kuwa hapakuwa na nyumba mtaani ambayo hakuwa ameililia. Mwalimu aliketi kwenye kiti cha wafiwa, abakosti imefungwa mpaka juu. Siku ya kumaliza, wanaukoo walipokuwa wamekaa kwa mazungumzo ya mwisho, alisimama. Kidole hakikuwa juu.

"Mama amekwenda," akasema. "Mulete mugomba. Tulie na mutoto pia. Naachilia kesi."

Wanawake wakainua vichwa. Niliona mmoja ameshashika kichwa kwa mikono miwili, tayari. Kisha mjomba wa Aveba, ambaye nywele zake zilikuwa zimeshakuwa nyeupe, alisimama upande wa pili wa ua.

"Mbele ya yote, shemeji," akasema.

Hakusema kwa kejeli. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebeba kitu kizito na anatafuta mahali pa kukitua.

"Kilio ya mutoto inafunguliwa na mama. Mama iko wapi?"

Mwalimu alitazama chini. "Dada yake afungue."

"Dada yangu hakuwa na dada. Unajua."

"Basi miye. Miye ni baba."

"Weye ulifunga," mjomba akasema. "Mwenye alifunga hawezi kufungua. Tukilia hivi hivi, hatulii mutoto. Tunapiga kelele tu, na ule mutoto hatasikia."

Nilidhani Mwalimu atajibu. Maisha yake yote alikuwa anajibu. Nilimwona akitafuta, midomo inacheza kidogo, kama alivyokuwa akitafuta ukurasa katika kile kitabu kisicho na jalada. Watu wote walingoja, na nadhani mjomba mwenyewe alikuwa anaomba jibu lipatikane. Kisha Mwalimu akatikisa kichwa kukubali.

"Ni sawa," akasema, na akaketi.

Yule mwanamke alishusha mikono kutoka kichwani. Walipika, wakala, wakagawana vyombo, wakaondoka.

Baada ya hapo nilimwona mara chache. Alikuwa amestaafu, na nilikuwa nimehamia upande wa pili wa mji. Halafu siku moja, miaka ya themanini inakaribia kuisha, nilipita karibu na mto Nyamukau, mahali palipokuwa na kilio cha mchimba dhahabu mmoja aliyefukiwa na shimo. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti chini ya turubai. Wanawake walikuwa kwenye mkeka, na katikati yao kulikuwa na mzee mmoja aliyevaa abakosti iliyopauka. Alikuwa analia. Alitoa sauti tupu, isiyo na jina.

Nilisimama kando ya barabara. Mwanamke mmoja, nadhani dada wa marehemu, alimgusa bega.

"Muzee, weye ni nani ya marehemu?"

Aliendelea kulia.

"Unamulilia nani, muzee? Sikia, hapa ni pa wenye kufiwa. Wanaume iko kwa viti kule."

Ningeweza kusema, niko naye, mwacheni. Neno moja tu lingetosha. Yeye alisimama haraka, akaomba radhi, akajipangusa magoti. Hakupinga. Ndipo akaniona, na tukatoka pamoja tukapanda barabara.

Tulitembea mpaka tukafika mahali ambapo hapakuwa na nyumba karibu, mikaratusi tu pande zote mbili.

"Mwalimu," nikamwambia, "hapa tuko wawili. Kesi hakuna, haikuwako hata siku moja. Sema jina yake. Nitasikia miye tu."

Akasimama. Alivuta pumzi, na kidole kikapanda, kimepinda zaidi kuliko zamani.

"Mbele ya yote," akasema.

Nikangoja. Hakuna kilichofuata. Mdomo ulibaki wazi kidogo. Kidole kilikuwa kinaonyesha mahali fulani pembeni yangu, na bila kupenda niligeuka kutazama kama kuna mtu. Watoto wawili walipita na madumu ya maji kichwani, wakatusalimu. Akawajibu vizuri. Kisha akashusha mkono na tukaendelea kutembea. Nilimfikisha kwake. Sikumwona tena.

Jina la yule mtoto ninalijua. Alilichonga kwa kisu kwenye meza yetu, karibu na langu, na tulichapwa kwa sababu hiyo. Nimekaa na kurasa hizi muda mrefu kuliko nilivyokusudia, na mara kwa mara nimeliandika, nikalitazama, nikalifuta. Mama yake hakulifungua. Na mimi ni nani wake?